Wamesema Una Nini?

Swali hilo humngoja mgonjwa getini. Anatoka na kifuko cha vidonge mkononi na daftari la matibabu kwapani, na kabla hajapanda bodaboda aliyemsindikiza anamuuliza: "Wamesema una nini?" Wengi hujibu, "Hawajasema." Wengine hujibu, "Ni maleria," hata pale kipimo kilipokana. Wachache wanaweza kueleza ugonjwa wao, kilichoonekana maabara, dawa hii ni ya nini na siku ya kurudi ni ipi. Hao ndio ambao mara nyingi humaliza dozi.

Tulio upande wa pili wa meza tulifundishwa dalili, vipimo na dozi. Swali la getini hatukufundishwa. Tumelijua kwa kuona dozi zikikatishwa nusu, vidonda vikirudi na usaha, na mama akirudi siku ya tatu na mtoto yuleyule akiwa amezidiwa, ilhali dawa aliyopewa ilikuwa sahihi. Mgonjwa wa Uganda haugui peke yake. Kuna mume aliyeuza kuku apate nauli, kuna mama mkwe mwenye majani yake ya kuchemsha, kuna jirani aliyewahi kuugua "kitu hichohicho". Wote hao wana sauti. Mgonjwa anatarajia daktari ampe maneno ya kusimama nayo mbele ya baraza hilo, na asipopewa, baraza ndilo linaloamua atakunywa nini.

Tuanze na neno lenyewe, daktari. Mganda humwita kila mwenye koti jeupe "musawo", Mkongomani aliyehamia makazi ya wakimbizi ya Nakivale au Kyangwali atasema "munganga", askari mstaafu atasema "dokta". Wote watatu huenda wanaongea na muuguzi, na hakuna kosa hapo, ndivyo huduma ilivyopangwa. Ngazi ya kwanza ni wahudumu wa afya wa kijiji, ambao hawana hata jengo. Kituo cha ngazi ya II, cha muluka, yaani eneo la vijiji kadhaa, kwa kawaida huongozwa na muuguzi na hutibu wagonjwa wa nje. Ngazi ya III, ya gombolola, yaani eneo la miluka kadhaa, ina tabibu, chumba cha kujifungulia na maabara. Ngazi ya IV ndipo panapotakiwa kuwa na daktari mwenye shahada na chumba cha upasuaji. Juu yake kuna hospitali za wilaya, kisha za rufaa za mikoa kama Arua, Mbale na Fort Portal, na mwisho Mulago. Anayejua ngazi hizi hadai muluka umpige skani. Na mhudumu akisema jina lake na kazi yake, "Mimi ni tabibu wa hapa, naitwa fulani," wasiwasi unapungua kabla dawa haijatajwa. Ni sekunde nne tu, lakini jinsi tunavyozibania utadhani zinakatwa kwenye mshahara.

Kabla ya shida huja salamu. "Habari ya nyumbani, mzee?" kisha ndipo, "Tukusaidie nini leo?" Mzee asiyesalimiwa atajibu maswali yote kwa "ndiyo" ili aondoke haraka, na historia ya ugonjwa itakayoandikwa hapo haina thamani ya wino wake.

Foleni nayo ina ufundi. Anayefika saa moja asubuhi anaweka daftari lake mezani, anayefuata analiweka lake juu ya hilo, hivyohivyo mpaka rundo linafika hamsini. Tabibu akifika na kuchukua la juu, aliyekuja mwisho anatibiwa wa kwanza na aliyeamka saa kumi alfajiri anakuwa wa mwisho. Hakuna aliyekusudia, lakini watu hamsini wameona. Pindua rundo zima kabla ya kuita jina la kwanza, basi. Na anapoletwa mtoto anayedegedega, mjamzito anayetoka damu au mtu anayepumua kwa shida, huyo apite bila mjadala, ila mtu mmoja atoke mlangoni awaambie walio kwenye benchi: "Huyu hali yake ni mbaya, ataingia sasa. Aliyekuwa wa kwanza bado ni wa kwanza." Watu huvumilia sana kusubiri. Kupitwa bila kuelezwa ndiko kunakozua ugomvi.

Kisha kuna lugha, na hapa tutakaa kidogo. Tangu marekebisho ya Katiba ya mwaka 2005 Kiswahili ni lugha rasmi ya pili ya Uganda, lakini kwa wazee wengi wa Buganda bado ni lugha ya kizuizi cha barabarani na kelele za askari. Ukimwanzia mzee wa namna hiyo kwa Kiswahili cha amri, anajikunja. Muulize kwanza anapenda kuongea lugha gani. Hata kati ya wanaokipenda, maneno hayako mahali pamoja. Mtu wa Nairobi akisema "nina homa" mara nyingi ana mafua. Anayefikiri kwa Luganda ana neno moja, omusujja, ambalo ni joto la mwili na pia ni maleria. Kwa hiyo mgonjwa anasema homa, tabibu anasikia maleria, na kalamu imeshaandika dawa. Afadhali kuuliza: mwili unachemka? unatetemeka? pua inatoka kamasi? ilianza siku gani? "Presha" nayo: wapo wanaomaanisha shinikizo la damu lililopimwa, wapo wanaomaanisha moyo kwenda mbio usiku kwa sababu ya ada ya shule. "Kifua" kinaweza kuwa kikohozi, maumivu ya mbavu, au njia ya heshima ya kusema anahofia TB. Ombi moja linakata mzizi wa fitina: "Nioneshe kwa kidole kimoja."

Pale lugha inapokosekana kabisa, mkalimani anayekaribia zaidi huwa mtoto wa mgonjwa, kwa sababu amesoma shule ya hapa. Usimtumie. Mama hatamwambia binti wa miaka kumi habari za kutokwa uchafu ukeni, na mke hatasema mbele ya mume anayetafsiri kwamba kidonda kilitokana na kipigo. Tafuta mtu mzima wa jinsia yake asiye ndugu, na kwenye makazi ya wakimbizi mhudumu wa kijiji anayejua lugha zote mbili hufaa. Kaa ukimtazama mgonjwa, mkalimani awe pembeni. Sema sentensi fupi, moja moja. Ukiuliza swali refu na mkalimani akarudi na "amesema hapana", umepoteza nusu ya ugonjwa njiani.

Sasa chukua mtoto wa miezi tisa, mwili moto, anakohoa. Mama amekuja na jibu lake tayari: maleria. Kidole kinachomwa, tone dogo la damu linatiwa kwenye kishimo chake, maji ya kipimo yanadondoshwa kwenye kishimo cha pili kwa idadi ya matone iliyoandikwa kwenye paketi, na kipimo kinaachwa mezani dakika 15 hadi 20. Mstari wenye alama ya C lazima utokee. Usipotokea kipimo kimeharibika, kirudiwe. Mstari wa T ukitokea, hata ukiwa hafifu kama uzi wa buibui, ni maleria. Makosa mawili hujirudia. La kwanza ni haraka: kipimo kinasomwa dakika ya tano, mstari hafifu haujapanda, mtoto anaambiwa hana. La pili ni kumpima tena kwa kipimo hichohicho mtu aliyemaliza dozi wiki mbili zilizopita. Kitasema ndiyo, kwa kuwa protini ya vijidudu hubaki kwenye damu kwa wiki kadhaa baada ya vijidudu wenyewe kufa. Huyo apimwe kwa darubini.

Tuseme mstari wa mtoto wetu ni mmoja. Mama akiambiwa tu "hana maleria" anasikia "hana kitu", na mwili wa mtoto unamchoma mikononi. Atatoka hapo moja kwa moja hadi duka la dawa kununua dawa ya maleria, na wewe utakuwa daktari aliyeshindwa kuona ugonjwa. Mpe kipimo akitazame, muoneshe panapokaa mstari wa pili na kwamba haupo. Halafu tafuta chanzo cha homa mbele ya macho yake. Funua kifua cha mtoto, subiri atulie, asiwe analia wala ananyonya, uhesabu pumzi kwa dakika nzima. Kwa umri wa miezi 2 hadi 11, pumzi 50 au zaidi kwa dakika ni za haraka. Kuanzia mwaka mmoja hadi mitano, ni 40. Hesabu kwa sauti ndogo. Mama ataanza kuhesabu nawe, na mkifika 56 hutahitaji kumshawishi. Anayehesabu nusu dakika na kuzidisha mara mbili hudanganyika, kwa sababu mtoto mdogo hapumui kwa mwendo mmoja.

Kliniki za mjini zina mapacha wao, maleria na taifodi, na huzaliwa pamoja kila asubuhi. Kipimo cha Widal hutafuta kingamwili, na kingamwili zaweza kuwa zimebaki kutokana na maambukizi ya zamani au chanjo, hivyo jibu la mara moja la Widal halitoshi kumwambia mtu ana taifodi. Mgonjwa aliyelipia ana haki ya kuuliza kabla ya kutoa pesa: "Kipimo hiki kikisema ndiyo mtafanya nini, na kikisema hapana mtafanya nini?" Kama majibu yote mawili yanaishia kwenye sindano zilezile, abaki na pesa yake. Tukubali pia kwamba baadhi ya wagonjwa ndio wanaodai dripu. Wanaiona maji yakishuka na kuhisi wametibiwa. Anayeweza kumeza na hatapiki hapati zaidi kwa dripu, anapata tundu la ziada kwenye mshipa, na ni afadhali kumweleza hivyo kuliko kumuuzia.

Ugonjwa wa presha una tatizo lake. Upimaji mbovu hutengeneza wagonjwa ambao hawapo: mtu amepanda ngazi, amebanwa na mkojo, mkono unaning'inia, anaulizwa maswali mkanda ukiwa unajaa. Akae dakika 5 ameegemea, miguu sakafuni bila kukunja nne, mkono mezani usawa wa moyo, kimya. Mkanda mdogo kwenye mkono mnene hupandisha namba. Pima mara mbili, umwandikie namba zote daftarini, maana namba ni mali yake. Ikifika 140/90 na kuendelea kwa siku zaidi ya moja, hapo kuna mazungumzo. Na katika mazungumzo hayo neno moja huharibu: "Presha yako imekuwa nzuri sasa." Mgonjwa anasikia "umepona" na anaacha vidonge mwezi huohuo. Sema, "Imetulia kwa sababu unakunywa dawa, ukiacha itapanda tena bila kukuambia."

Dirisha la dawa ndipo kazi yote ya asubuhi inapoweza kumwagika. Bahasha imeandikwa 1×3. Aliyesomea anasoma kidonge kimoja mara tatu kwa siku. Mgonjwa anaweza kusoma kimoja kwa siku tatu, au vitatu kwa mpigo. Andika "asubuhi 1, mchana 1, usiku 1, siku 5", na kwa asiyesoma chora jua linalochomoza, jua la utosini na mwezi. Saa nayo ina mtego. Mhudumu aliyesomea kwa Kiingereza anafikiria nane ya Kizungu ya asubuhi, mdomo unatamka "saa nane", na mgonjwa anakunywa dawa saa nane kweli, mchana, baada ya matoke. Sema "ukiamka", sema "kabla ya kulala", au taja saa kwa Kiswahili huku ukionesha jua liko wapi.

Kwa Coartem, dawa ya maleria, jambo hili lina uzito. Mtu wa kilo 35 na zaidi hunywa vidonge 4 mara mbili kwa siku kwa siku 3, jumla 24. Dozi ya pili haingoji kesho, hunywewa masaa manane baada ya ya kwanza. Akianza saa nne asubuhi hapo kituoni, vinne vingine ni saa kumi na mbili jioni, na siku mbili zinazofuata ni vinne asubuhi, vinne jioni. Anywe na chakula chenye mafuta kidogo, mchuzi wa karanga au maziwa, dawa ipate kuingia mwilini vizuri. Akitapika ndani ya nusu saa, arudie dozi nzima na arudi kituoni kujazilizwa, maana asiporudi siku ya tatu itampungukia. Siku ya pili jioni huwa ana nguvu, amekwenda shambani, na vidonge vinane vilivyobaki vinawekwa kwenye kikombe juu ya kabati kwa ajili ya mtoto atakayeugua. Taja kikombe hicho kwa jina wakati bado yuko dirishani. Watacheka, kwa sababu wanacho.

Kuna dawa zinazofukuza watu kwa mambo madogo ambayo hayakusemwa. Rifampisini ya TB hugeuza mkojo kuwa rangi ya chungwa. Asiyeambiwa anadhani anakojoa damu na anaacha dozi ya miezi sita katika wiki ya kwanza. Vidonge vya madini ya chuma hufanya choo kuwa cheusi, na chai ya majani hupunguza kazi yake, kwa hiyo mjamzito aviache mbali na kikombe chake. Metfomini ya kisukari kwenye tumbo tupu huvuruga tumbo, inywewe na chakula. Enalaprili ya presha inaweza kuleta kikohozi kikavu kisichoisha, amlodipini, ya presha pia, inaweza kuvimbisha miguu. Zote zina mbadala, mgonjwa arudi aseme badala ya kuacha kimyakimya. Flagyl, kiuavijasumu, huacha ladha ya chuma mdomoni na haikubaliani na waragi wala pombe nyingine, wala siku mbili tatu baada ya kumaliza. Sentensi moja kwa kila dawa inatosha: kitu gani atakiona ambacho kisimtishe, na kitu gani akikiona arudi mbio.

Tangu mwaka 2001 ada ziliondolewa kwenye vituo vya serikali, isipokuwa upande wa kulipia wa hospitali. Mgonjwa anajua. Kwa hiyo akiambiwa "dawa imeisha, kanunue", masikio yake yanasikia "imeuzwa". Mara nyingine sababu ni kavu zaidi: NMS, bohari ya taifa ya dawa, hupeleka kwa mizunguko ya miezi miwili, na vituo vya ngazi ya II na III hupokea masanduku yaliyopangwa tayari. Mvua zikinyesha na maleria ikapanda, sanduku hilo haliwezi kudumu miezi miwili. Palipo na ubao nje wenye orodha ya dawa zilizopo leo na tarehe ya mzigo wa mwisho, manung'uniko hupungua. Na mgonjwa anayetumwa dukani anatarajia mambo matatu kwenye karatasi yake: jina halisi la dawa badala ya jina la kampuni moja ya bei kubwa, idadi kamili ya vidonge, na ipi aanze nayo kama pesa haitoshi. Hili la mwisho tunalikwepa kwa aibu. Muulize waziwazi, "Una shilingi ngapi mfukoni?" Asipoulizwa atanunua nusu ya kila kitu: nusu ya kiuavijasumu, nusu ya vitamini. Angeulizwa, angenunua kiuavijasumu chote na kuacha vitamini. Kwa "chai" inayoombwa chini ya meza hatuna cha kufundisha. Dawa zenye mhuri wa serikali haziuzwi, na anayeombwa aulize risiti kwa sauti ya kawaida.

Upasuaji ni mahali ambapo saini huchukuliwa kama karatasi ya geti. Mama anayehitaji kupasuliwa kuzaa anatarajia kusikia tatizo ni nini, kwa nini sasa na si kesho, nini kitatokea tusipofanya, hatari zake, na atakaa wodini siku ngapi. Mwanamke mtu mzima husaini mwenyewe. Mume akiwa mbali mpigie simu asikie, ni heshima na huzuia mengi baadaye, lakini mtoto anayechoka tumboni hangoji mtandao urudi.

Rufaa huogopwa kuliko ugonjwa. "Wamemfukuza," ndivyo geti litakavyosema, kama hakuelezwa kitu gani kiko huko ambacho hapa hakipo. Barua ya rufaa iseme kilichoonekana, kilichofanyika na saa kilipofanyika. Saa ndiyo inayosahaulika. Mama mwenye kifafa cha mimba aliyechomwa magnesiamu bila saa kuandikwa anaweza kuchomwa dozi kamili tena huko aendako, na ikizidi hudhoofisha upumuaji. Mgonjwa wa artesuneti, sindano ya maleria kali, naye, sindano zake ni mwanzo, masaa 12 na masaa 24. Asiyejua ya kwanza ilikuwa lini anabahatisha. Piga simu kabla gari halijaondoka. Mwambie anayemsindikiza abebe daftari la zamani, pakiti za dawa zote, blanketi, beseni, sahani na kikombe, na awe na mtu wa kumbadili, maana wodini kumwogesha na kumlisha mgonjwa kwa sehemu kubwa ni kazi ya jamaa.

Siku hizi mgonjwa mwingine huja na simu: amesoma, au ametumiwa sauti kwenye WhatsApp na shangazi aliye Dubai. Kumkemea ni kupoteza habari. Muulize, "Katika uliyosoma, lipi limekutia hofu?" Hapo ndipo ugonjwa wake halisi ulipo. Vivyo hivyo kwa miti shamba. Mjamzito anayetumia mumbwa, udongo uliochanganywa na majani ya dawa, hatakuambia kama uso wako umeshakunja. Uliza kama unavyouliza chakula: "Umetumia nini nyumbani, cha kunywa au cha kupaka?" Baadhi ya majani huongeza nguvu ya uchungu, na mkunga anahitaji kujua hilo kabla hajaongeza dawa yake.

Habari mbaya huleta ndugu mlangoni: "Musawo, usimwambie." Muulize mgonjwa mwenyewe anataka kujua kiasi gani, na mbele ya nani. Wengi wameshajua, wanachotarajia kusikia ni kwamba hawataachwa na maumivu. Hapo Uganda ina kitu cha kujivunia. Shirika la Hospice Africa Uganda lilianza mwaka 1993, na mofini ya maji ya kunywa inapatikana nchini bila malipo, ikiandikwa pia na wauguzi na matabibu waliosomea tiba shufaa, yaani huduma ya kutuliza mateso ya mgonjwa. Mofini hiyo hunywewa kwa saa, kila baada ya masaa manne, bila kungoja maumivu yarudi, na huendana na dawa ya kulainisha choo tangu siku ya kwanza, kwa sababu hufunga tumbo. Familia isipoelezwa hilo, siku ya nne wataona tumbo limejaa na kusema dawa inamuua.

Malalamiko yana njia pia: mkuu wa kituo kwanza, kamati ya kituo, ofisi ya afya ya wilaya, kisha mabaraza ya taaluma, kila kada na lake. Hati ya haki za wagonjwa ya Wizara ya Afya ipo tangu mwaka 2009. Ukiiona ukutani, pengine imefunikwa na kalenda.

Turudi kwa mama na mtoto wa miezi tisa. Amepewa amoksilini ya kuyeyushwa, ya miligramu 250, kidonge kimoja asubuhi na kimoja jioni kwa siku tano, jumla kumi, kila kimoja kwenye kijiko cha maji safi au maziwa yake. Dozi ya kwanza mtoto ameinywa hapo hapo, mama mwenyewe akimnywesha. Kinachobaki ni dakika moja ambayo karibu kila mara huliwa na foleni. Usimuulize, "Umeelewa?" Atasema ndiyo. Muulize, "Mama, ukifika getini wakikuuliza wamesema mtoto ana nini, utawajibu vipi?"

Akikosea, rudi pale alipopotelea na ubadilishe maneno. Kupandisha sauti hakumsaidii mtu. Akipatia, utasikia kitu kama hiki: "Nitawaambia si maleria, mstari niliuona, ulikuwa mmoja. Ni mapafu, anapumua hamsini na sita. Dawa asubuhi na jioni mpaka viishe kumi, hata akicheza. Akishindwa kunyonya, au mbavu zikiingia ndani, nirudi hata usiku. Vinginevyo ni Alhamisi."